Brokoli ya Bustani ya Nyumbani Arusha na Moshi: Kuanzia Kitalu Hadi Friza

Kabichi ikishafunga unaweza kuiacha bustanini wiki mbili ukaila taratibu. Sukuma wiki unachuma majani leo, kesho kutwa unachuma mengine. Brokoli haina subira hiyo. Kile kichwa cha kijani tunachokila ni fungu la vitumba, yaani maua ambayo hayajafunguka, na kikishafikia ukubwa wake kinakupa siku chache tu: tatu hadi tano katika baridi ya Julai, moja au mbili jua likiwa kali. Baada ya hapo vitumba vinaachana, vinageuka manjano, na utamu unapotea.

Tena miche uliyoipanda siku moja hukomaa karibu pamoja. Mtu anapanda miche arobaini kwa furaha, halafu ndani ya wiki mbili ana vichwa arobaini, friji ndogo, na majirani ambao nao wamechoka kupewa. Kwa sababu hiyo nashauri upange kutoka mwisho. Anza na jiko na friza, kisha ndiyo urudi kwenye mbegu.

## Hesabu ya jikoni

Kichwa kimoja kizuri kina uzito wa gramu 300 hadi 500, na kinatosha mlo mmoja wa familia ya watu watano kikiwa mboga ya pembeni. Tuseme mnakula brokoli mara mbili kwa wiki. Panda miche 12 kwa awamu, na uache wiki tatu kati ya awamu na awamu, kwa awamu tatu. Kila awamu itakupa vichwa kama vinne vya kula vikiwa vibichi, na vingine vinane vya kuhifadhi, ambavyo ni kilo tatu hivi. Kiasi hicho mtu mmoja anaweza kukimaliza jikoni ndani ya asubuhi mbili tatu bila kuacha kazi zake nyingine.

Nafasi inayotakiwa ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Ukiacha sentimita 45 kati ya mche na mche na sentimita 60 kati ya mstari na mstari, miche 12 inachukua kama mita za mraba tatu na robo. Awamu zote tatu zinaenea kwenye mita za mraba 10, eneo ambalo hata viwanja vya Njiro, Sakina au Shanty Town havikosi.

Kama huna friza, punguza miche iwe sita kwa awamu na utegemee zaidi machipukizi ya pembeni, ambayo nitayaeleza mbele.

## Baridi ndiyo kalenda

Brokoli hufunga kichwa vizuri kwenye joto la nyuzi 15 hadi 22 za Selsiasi. Joto likipita nyuzi 27 kwa siku nyingi wakati kichwa kinajijenga, vitumba hutawanyika, majani madogo huchomoza katikati ya kichwa, au mmea hukimbilia kutoa maua. Hakuna mbolea wala dawa ya kurekebisha hilo. Kinachosaidia ni kupanda kwa hesabu, ili kichwa kijijenge wakati wa baridi.

Arusha mjini, ambako ni karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, sia mbegu kitaluni kuanzia katikati ya Aprili hadi mwanzoni mwa Juni. Ukisia tarehe 15 Aprili, 6 Mei na 27 Mei, miche itahamia bustanini masika yanapoishia na baridi inapoingia, na utavuna kuanzia mwisho wa Julai hadi Septemba.

Moshi mjini ni chini zaidi, mita 800 hadi 900 hivi, na joto lake la Januari hadi Machi si la brokoli kabisa. Huko dirisha ni jembamba: sia mwisho wa Aprili hadi katikati ya Mei, hamisha mwisho wa Mei hadi katikati ya Juni, vuna Agosti. Awamu mbili zinatosha, usilazimishe ya tatu. Tafuta pia aina ya mbegu ambayo pakiti yake inasema inavumilia joto.

Ukipanda kuelekea mlimani, Marangu, Machame, Kibosho, Uru juu, au upande wa Meru kule Ilboru na Olmotonyi, hali inabadilika. Huko unaweza kulima karibu mwaka mzima, ila masika makubwa huleta magonjwa ya majani na Januari na Februari zinahitaji maji mengi.

## Mbegu na kitalu

Gramu moja ya mbegu ina mbegu karibu 300, kwa hiyo pakiti ndogo kabisa ya duka la pembejeo inatosha nyumba kadhaa. Gawaneni. Nyingi zinazouzwa ni chotara, zenye alama F1, na hizo hufunga vichwa vinavyolingana na kukomaa kwa pamoja. Aina ya zamani iitwayo Calabrese haikomai kwa mpigo mmoja hivyo na hutoa machipukizi mengi, na kwa bustani ya nyumbani mimi naipendelea inapopatikana. Usijisumbue kutunza mbegu ya chotara, watoto wake hawafanani na mama. Hata ile isiyo chotara huchanganya uchavushaji na kabichi, koliflawa na sukuma wiki zinazotoa maua jirani, kwa kuwa zote hizo ni spishi moja.

Changanya udongo wa kitalu kwa kipimo cha ndoo mbili za udongo mzuri wa juu, ndoo moja ya samadi iliyoiva na ndoo moja ya mchanga. Mwagia mchanganyiko huo maji yanayochemka, uache upoe kabisa kabla ya kusia. Hatua hii inapunguza vimelea vya kinyausi, ugonjwa unaofanya miche iliyoota vizuri ianguke chini shina likiwa limenyauka kama uzi. Trei ya miche ni bora zaidi, lakini hata makopo ya maziwa ya mgando yaliyotobolewa chini yanafaa.

Chimbia mbegu kina cha sentimita moja. Zitaota kati ya siku 4 na 7. Kwa kuwa unasia wakati wa masika, kitalu kinahitaji paa: chanja ya miti yenye nailoni angavu juu, pande zote wazi ili hewa ipite. Mvua kubwa ya Aprili ikipiga miche ya wiki moja inaizika kwenye matope. Mwagilia asubuhi, kidogo, na uruhusu uso wa udongo ukauke kabla ya kumwagilia tena. Miche ikiwa na majani mawili halisi, punguza iliyosongamana.

Wiki ya nne hadi ya sita, miche ikiwa na majani manne au matano, iko tayari. Siku saba kabla ya kuihamisha anza kuizoesha jua kwa saa chache na kupunguza maji. Usiiache kitaluni ikazeeka. Mche uliozeeka, au uliobanwa na kiu au njaa ukiwa mdogo, hufunga kichwa mapema chenye ukubwa wa kifungo cha koti, na hakiongezeki tena hata uulishe nini.

## Mahali na udongo

Chagua sehemu yenye jua la saa sita au zaidi. Walio na vihamba Kilimanjaro, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba, huvutiwa kuipanda chini ya migomba kwa sababu udongo pale ni mtamu, lakini kivuli kinafanya mmea urefuke na kichwa kiwe chepesi. Pembeni mwa kihamba, upande unaopata jua la asubuhi, panafaa sana, hasa kama mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, unapita karibu.

Jambo la pili la kuuliza ni nini kilikuwa pale kabla. Brokoli isifuate ndugu zake: kabichi, koliflawa, sukuma wiki, chainizi, figiri, na loshuu. Loshuu husahaulika kwa sababu tunaiona mboga ya kienyeji, lakini ni ya ukoo huohuo na hubeba magonjwa yaleyale. Pumzisha sehemu hiyo angalau miaka mitatu ukilima maharage, vitunguu, karoti au mnavu. Ugonjwa wa uvimbe wa mizizi, ukishaingia, unakaa udongoni miaka mingi. Mmea hunyauka mchana na kuamka jioni, na ukiung'oa unakuta mizizi imevimba kama vidole. Mmea wa namna hiyo choma moto, usiutupe kwenye lundo la mboji.

Brokoli hupenda udongo wenye pH kati ya 6 na 7. Udongo wetu wa volkano hautabiriki kwa macho, kuna mahali una tindikali na kuna mahali una magadi, kwa hiyo usimwage chokaa au majivu kwa ndoo kabla ya kupima. Afisa ugani wa kata anaweza kukuelekeza pa kupima, na kwa upande wa Arusha tuna TARI Tengeru, kituo cha utafiti wa mazao ya bustani, ambako inafaa kwenda kuuliza.

Tengeneza tuta lenye kimo cha sentimita 15 hadi 20 ili maji ya mwisho wa masika yasituame. Weka kilo 3 hadi 4 za samadi iliyoiva kwa kila mita ya mraba, uichanganye na udongo wiki mbili kabla ya kupanda. Iliyoiva maana yake imekaa lundo miezi mitatu au zaidi, haina joto wala harufu kali. Ng'ombe wa ndani hawakosekani mitaa ya Uchagani, na ukibisha hodi vizuri, "Shikamoo mama, naomba kununua samadi ya zamani, ile ya nyuma ya banda," mara nyingi utapata iliyo bora kuliko ya kwenye magunia.

## Kuhamisha na kutunza

Hamisha jioni. Mwagilia kitalu kwanza, toa mche na udongo wake, ufukie hadi karibu na majani ya kwanza, ubane udongo kwa vidole na umwagilie papo hapo. Zungushia shina la kila mche pete ya karatasi ngumu, kimo sentimita tano, nusu yake ikiwa imezama udongoni. Hiyo ni kwa ajili ya sota, kiwavi anayekata miche usiku na kukuachia mashina asubuhi.

Kisha tandaza nyasi kavu au majani makavu ya migomba, unene wa sentimita tano, bila kugusa shina. Mizizi ya brokoli iko juujuu. Inapenda ubaridi, na jembe likipita kwa kina huijeruhi, kwa hiyo palizi ifanywe kwa mkono.

Maji: lita 25 hadi 35 kwa mita ya mraba kwa wiki, yaani keni tatu hivi za lita kumi, ukizigawa mara mbili au tatu. Siku za mawingu na manyunyu ya Julai punguza. Mwagilia chini kwenye udongo, hasa kichwa kikishatokea, kwa sababu maji yanayolala ndani ya vitumba huleta kuoza. Kiu ya siku chache wakati kichwa kinajijenga inaonekana baadaye kwenye uzito na kwenye uchungu wa ladha.

Wiki tatu baada ya kuhamisha, mpe kila mmea mbolea ya kukuzia ya CAN, kizibo kimoja cha soda, ambacho ni karibu gramu 5, ukiizungushia sentimita kumi kutoka kwenye shina na kuifukia. Rudia kitumba cha kwanza kinapoonekana katikati ya majani. Asiyetumia mbolea ya dukani aloweke ndoo moja ya samadi kwenye ndoo tano za maji kwa wiki moja, achuje, na amwagie kwenye udongo tu. Isiguse majani wala kichwa utakachokula.

Kama shina ukilikata lina tundu katikati na kuta zake ni za kahawia, dalili hiyo mara nyingi ni upungufu wa boroni. Nunua mbolea ya majani yenye boroni na ufuate kipimo cha kibandiko bila kuongeza hata tone, maana boroni ikizidi kidogo tu inakuwa sumu kwa mmea.

## Wadudu

Hapa ndipo bustani nyingi za brokoli zinapokufa, na pia ndipo watu wanapojipulizia sumu kwenye chakula cha watoto wao. Naomba usome sehemu hii taratibu.

Adui mkubwa ni nondo wa mgongo wa almasi. Kiwavi wake ni mdogo, kijani, hazidi sentimita moja na kidogo, na ukimgusa anajipinda kwa kasi na kuning'inia kwenye uzi. Hula upande wa chini wa jani na kuacha utando mwembamba kama kioo cha dirisha. Nondo huyu anajulikana duniani kwa usugu: mwaka 1953, huko Java nchini Indonesia, alithibitika kuizoea DDT, akiwa mdudu wa kwanza wa mazao kuripotiwa hivyo, na tangu hapo amezoea dawa nyingi nyingine. Ndiyo maana unaweza kupuliza dawa kali kila wiki na bado ukamkuta, huku nyigu wadogo wanaomuua wakiwa wamekwisha.

Kwa mimea 36 mkono unashinda bomba. Pita mara mbili kwa wiki, geuza majani, ponda mayai na viwavi. Chandarua cha wavu mdogo kilichotandazwa juu ya fito zilizopindwa humzuia nondo asitage kabisa, na naona hiyo ndiyo fedha bora kutumika kwenye bustani ya brokoli. Hata chandarua kilichochakaa cha kitandani, kikiwa kisichotiwa dawa na kimezibwa matundu, kinafanya kazi.

Wakizidi, tafuta dawa ya kibayolojia ya bakteria Bacillus thuringiensis, ambayo kwenye kibandiko hufupishwa Bt. Hufanya kazi pale kiwavi anapoila, kwa hiyo ipulizie chini ya majani, na ifanye jioni kwa sababu jua huiharibu haraka. Mwarobaini nao husaidia: twanga gramu 50 za kokwa kavu, loweka kwenye lita moja ya maji usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, puliza jioni hiyohiyo.

Wadudu mafuta wa kabichi ni wa kijivu, kama wamepakwa unga, na hujazana kwenye chipukizi na ndani ya kichwa. Wapige kwa maji ya nguvu mapema, kabla kichwa hakijafunga. Baadaye tumia maji ya sabuni, vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji kwa lita moja, na usuuze siku inayofuata. Wakishaingia ndani ya vitumba kuwatoa ni kazi ya jikoni, kwa maji ya chumvi.

Ukilazimika kutumia dawa ya kemikali, soma kibandiko kina siku ngapi za kusubiri kabla ya kuvuna na uziheshimu. Kichwa cha brokoli kina maelfu ya vitumba vilivyobanana, na kinachoingia humo hakitoki kwa kusuuza.

Kwa magonjwa ya majani niseme machache. Uozo mweusi huanza na doa la manjano lenye umbo la V kutoka ukingoni mwa jani, mishipa ikiwa myeusi. Hauna tiba. Ng'oa mmea, choma, na usiguse mingine ukiwa umelowa mikono. Ubwiri unyoya, ambao ni ugonjwa wa ukungu, hupungua ukipanua nafasi na kumwagilia asubuhi.

## Siku ya kukata

Siku 60 hadi 80 baada ya kuhamisha, kutegemea aina, kichwa kitakuwa na upana wa sentimita 10 hadi 20. Usitazame upana pekee. Tazama vitumba: vidogo, vimebanana, rangi ya kijani iliyokolea au inayoelekea buluu. Vile vya ukingoni vikianza kuachana, kata leo hata kama kichwa ni kidogo. Kuanzia kichwa kinapofikia ukubwa wa ngumi, pita bustanini kila siku.

Kata alfajiri, kabla jua halijapiga, kwa kisu kikali, sentimita 12 hadi 15 chini ya kichwa. Mkato uwe wa mshazari ili maji yasisimame juu ya shina lililobaki na kulioza. Tia vichwa kwenye ndoo ya maji baridi mara moja, au angalau kivulini chini ya kitambaa kibichi. Brokoli hupumua kwa kasi hata baada ya kukatwa, na kila saa ya joto inakula sukari na vitamini C yake. Kwenye joto la kawaida la ndani huanza kuwa manjano baada ya siku mbili au tatu.

Usiung'oe mmea. Upe kizibo kingine cha CAN na maji, na kwenye makwapa ya majani yatatoka machipukizi yenye vichwa vya sentimita mbili hadi tano. Yachume kila baada ya siku tatu nne, na yataendelea kwa wiki nne hadi sita. Kwa ladha nayaona bora kuliko kichwa kikubwa, na hayakuletei mafuriko ya mavuno. Majani machanga nayo yanapikwa kama sukuma wiki, na shina likimenywa gamba ni tamu likikatwa nyembamba kwenye kachumbari.

## Kwenye friji

Usioshe. Weka kichwa kikavu kwenye mfuko wenye matundu, sehemu ya mboga. Kwenye nyuzi 4 au 5 kitakaa wiki moja hadi mbili. Kitenge na ndizi mbivu, parachichi na nyanya zilizoiva, matunda ambayo hayakosekani kwenye friji za huku kwetu. Hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo hugeuza brokoli manjano hata ndani ya baridi.

## Kugandisha

Hii ndiyo njia inayohifadhi brokoli vizuri kuliko zote, na ina hatua moja ambayo watu huiruka: kuchovya kwenye maji yanayochemka. Ndani ya mboga mna vimeng'enya ambavyo baridi ya friza huvipunguza kasi tu, haivizimi. Ukigandisha mbichi, baada ya wiki kadhaa utatoa kitu chenye rangi ya majani makavu na harufu ya kabichi iliyolala. Maji ya moto ndiyo yanayovizima.

Siku moja kabla, gandisha maji kwenye vibakuli upate barafu, kama nusu kilo kwa kila nusu kilo ya brokoli. Hakikisha pia friza imeshuka hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, na usiijaze mboga mpya nyingi kwa mara moja.

Kata kichwa kuwa vishada vyenye upana wa sentimita 3 hadi 4, vilingane, ili viive kwa wakati mmoja. Menya shina, likate vipande vya sentimita moja. Loweka vyote nusu saa kwenye maji ya chumvi, vijiko vinne vya chai kwa lita nne za maji. Viwavi na wadudu mafuta waliojificha watatoka na kuelea. Suuza kwa maji safi.

Chemsha lita nne za maji kwenye sufuria kubwa kwa kila nusu kilo ya vishada. Maji yakichemka kweli, tumbukiza vishada ndani ya chujio la waya au kitambaa cheupe kilichofungwa. Yanatakiwa kurudi kuchemka ndani ya dakika moja. Yasiporudi, umetia mboga nyingi. Kuanzia yanapochemka tena, hesabu dakika tatu kwa saa, usikisie. Walio juu ya mita 1,500, kule Marangu juu, Kibosho au miteremko ya Meru, waongeze dakika moja, kwa sababu maji huchemka kwa joto dogo kadiri unavyopanda: Arusha mjini tayari yanachemkia karibu nyuzi 95 badala ya 100.

Toa, na papo hapo zamisha kwenye maji ya barafu kwa muda uleule uliochovya. Rangi itakuwa ya kijani inayong'aa. Kisha chuja na utandaze juu ya taulo safi mpaka vikauke. Usiharakishe hapa. Maji yanayobaki kwenye vitumba yanakuwa barafu, na barafu hiyo ndiyo inayofanya mboga iwe laini na ya majimaji siku ya kupika.

Tandaza vishada kwenye sinia visigusane, weka kwenye friza saa moja au mbili hadi vigumu. Ndipo uvitie kwenye vifungashio vya chakula vya zipu au makopo yenye mfuniko, ukitoa hewa yote. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na hata hivyo ilikuwa myembamba mno kwa kazi hii. Gawa kwa kipimo cha mlo mmoja, andika tarehe. Itadumu miezi 8 hadi 12.

Umeme ukikatika, usifungue friza kuangalia. Iliyojaa hushika baridi karibu saa 48, iliyo nusu karibu saa 24. Kwa hiyo jaza nafasi iliyobaki kwa chupa za maji. Ukija kufungua na vishada bado vina chembe za barafu, vinaweza kugandishwa tena, ingawa vitalegea kidogo. Vikiwa vimeyeyuka na kupata joto kwa saa kadhaa, vitupe.

## Bila friza

Kukausha kunawezekana, lakini mavuno yetu yanakuja wakati wa mawingu, na Julai ya Arusha haikaushi kitu juu ya mkeka. Tumia kaushio la sola lenye kifuniko, au subiri awamu ya Septemba. Chovya dakika tatu vilevile, pasua vishada viwili viwili, kausha hadi vivunjike kwa sauti vikikunjwa, hifadhi kwenye kopo lisilopitisha hewa, gizani. Havirudi kuwa vitamu kama mwanzo. Vinafaa kusagwa na kutiwa kwenye supu au uji wa mboga wa mtoto. Majani yake yakichovywa dakika mbili na kukaushwa kivulini yanatoka vizuri zaidi ya kichwa.

Achari ya friji nayo ni nzuri: chovya vishada dakika moja, jaza kwenye chupa safi, mimina mchanganyiko uliochemka wa siki ya asilimia 5 na maji kwa vipimo sawa, chumvi, kitunguu saumu na pilipili. Iwekwe ndani ya friji muda wote, iliwe ndani ya mwezi.

Usiifungie brokoli kwenye chupa na maji au mafuta kisha ukaiweka kabatini, hata kama umechemsha chupa saa nzima. Mboga isiyo na uchachu, ndani ya chombo kisicho na hewa, ni mahali ambapo bakteria wa botulizimu hutoa sumu inayoua, na mbegu zake hustahimili maji yanayochemka. Chakula hicho kinaweza kuonekana kizuri na kunukia vizuri.

## Kuipika iliyotoka friza

Usiiyeyushe kwanza. Imeshaiva nusu, kwa hiyo itumbukize ikiwa bado jiwe kwenye kikaango chenye mafuta ya moto na kitunguu saumu, moto mkubwa, dakika nne au tano bila kufunika, chumvi mwishoni. Kwenye mchuzi wa nazi au supu itie dakika tatu kabla ya kuepua. Ukiona rangi inaanza kufifia kuwa ya zeituni, imepita kiasi.